Watoto wa Jumatano

Babangu, Abdulghafur bin Sheikhan, alikuwa mkalimani wa korti hapa Mombasa kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo hakuna wakili hata mmoja aliyesimama akasema mkalimani amekosea. Jambo hili alilijua yeye, tulilijua sisi nyumbani, na Kibokoni nzima ililijua kwa sababu mamangu hakuchoka kulitaja. Kiarabu alifundishwa na babake. Kiingereza alikipata skuli. Kigiriama alikiokota utotoni kwa wachukuzi wa marikiti, akakinyoosha ukubwani kwa kukaa na wazee wa Kigiriama waliokuja kortini kwa kesi za mashamba, akiwauliza neno moja moja mpaka wakamchoka. Kila asubuhi alivaa kanzu, koti jeusi juu yake, na kofia ya kazi ya mkono aliyoishona mamangu, akaifuata Ndia Kuu kwa miguu, amenyooka kama mtu anayekwenda kuozesha.

Alikuwa na kanuni moja. "Nimeajiriwa kwa neno la mtu," alikuwa akisema. "Akitukana, natukana. Akilia, silii."

Siku aliyoichukia ilikuwa Jumatano. Jumatano ndiyo iliyokuwa korti ya watoto. Ilikaa katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, hakuna watazamaji, ila hakimu, karani, askari mmoja, Bwana Baya aliyekuwa afisa wa kuangalia mienendo ya watoto, na babangu. Watoto waliingia mmoja mmoja. Wengine walipokalishwa kitini miguu haikufika chini. Babangu alirudi nyumbani Jumatano bila hamu ya chakula, na sisi watoto wake tulijua siku hiyo hatumwombi kitu.

Mwaka wa 1961 aliletwa mtoto wa Kigiriama, jina lake Kaingu, umri wake ukikisiwa miaka tisa. Alikamatwa Liwatoni na misumari ya shaba ya mafundi wa mashua, ameifunga katika kipande cha gunia. Hakimu alikuwa Mwingereza mzee. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mwepesi wa hasira, na siku hiyo alikuwa na kesi kumi na moja. Akauliza nyumbani kwa mtoto ni wapi. Babangu akatafsiri:

"Kwenu ni wapi?"

Mtoto akamtazama, akafikiri, akajibu, "Kwetu ni wapi?"

Babangu akalipeleka neno kama lilivyotoka. Hakimu akaweka kalamu chini. Akauliza mara ya pili, na mtoto akajibu lile lile. Basi hakimu akaona anachezewa. Akasema mtoto huyu ni jeuri, na kabla hata ya kuusikiliza wizi wenyewe atapigwa viboko sita kwa kuidharau korti. Akamwamuru babangu amfahamishe.

Babangu hakumfahamisha. Alisimama pale mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akasema maneno yaliyokuwa yake mwenyewe.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa. Mtoto hafanyi ujeuri. Anauliza."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kwao ni wapi. Hajui, na ameona sisi ni watu wazima, huenda tukajua."

Hakimu akamkumbusha babangu kwamba yeye si wakili wa mtu. "Lakini kwa kuwa umeshaanza," akasema, "muulize basi amelala wapi tangu azaliwe."

Kaingu akahesabu kwa vidole. Kwa mamake, Makupa, mpaka mama alipokufa. Kwa mjomba, Changamwe, ambaye mkewe hakumtaka. Kwa bibi mmoja muuza makaa ambaye jina hakulijua. Kwa babake miezi miwili, kisha babake akafungwa. Kwa mjomba tena. Halafu Kibarani, ndani ya kichwa cha lori bovu, pamoja na wavulana wakubwa waliokuwa wakichakura vyuma kwenye jaa la taka. Vidole vya mkono mmoja vilipokwisha akahamia wa pili. Hakulalamika. Alitaja zile nyumba kama mtu anayetaja steshoni za gari la moshi.

Hakimu akavifuta vile viboko, akaiahirisha kesi, akamkabidhi mtoto kwa Bwana Baya amtafutie pa kukaa. Na alasiri ile ile babangu akapewa barua ya onyo: kazi ya mkalimani ni kutafsiri, si kutetea.

Alikuja nayo nyumbani, akamsomea mamangu, Bi Khairiya, aliyekuwa ukumbini akichambua mchele.

"Umeandikiwa lawama na huku wacheka?" mamangu akauliza.

"Sicheki. Nafikiri."

"Wafikiri nini?"

"Miaka kumi na moja nawauliza watoto wale, umeiba nini, umeiba lini, umeiba na nani. Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia mtoto akiulizwa amelala wapi."

Juma lililofuata alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Akamwomba ruhusa Bwana Baya azungumze na watoto kwenye benchi la ukumbi kabla kesi hazijaanza. Bwana Baya hakuwa na la kupinga. Alikuwa peke yake kwa kisiwa kizima na ng'ambo zote, na chombo chake cha kazi kilikuwa baiskeli.

Babangu hakuwauliza watoto habari za wizi. Aliwauliza wamekaa nyumba ngapi. Skuli waliacha darasa la ngapi, na kwa nini. Mara ya mwisho kupigwa, nani aliwapiga, na kwa kosa gani. Ikifika Magharibi, nani anajua uko wapi? Mwanzo walimwogopa kwa lile koti. Baadaye wakazoea, na wengine walimngoja ili wamweleze. Kila mtoto alipewa ukurasa mmoja, na jina lenyewe aliliandika pambizoni, kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima.

Mtaani walimcheka. Ami yangu Gharib, kakake babangu, alikuwa fundi wa milango ya nakshi, na barazani kwake ndiko wanaume walikokutana baada ya Alasiri.

"Abdulghafur," alimwambia mbele ya watu, "wewe una watoto wako watano wa kuwaandika. Hawa wa nini? Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Kaka, na baba yetu alipokuwa baharini miaka ile, wewe nani alikuwa akikutafuta Magharibi?"

"Nyanya."

"Na fimbo alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, Mungu amrehemu. Na nikipigwa nilikuwa najua nimefanya nini."

"Basi hayo ndiyo ninayoandika," babangu akasema. Ami Gharib akacheka pamoja na wenzake, lakini hakulirudia lile neno la nyoka.

Miaka mitatu ikapita. Bendera ya Mwingereza ikashuka, ile yetu ikapanda, hakimu mzee akaenda zake kwao. Daftari likawa na watoto mia moja na kumi na wawili. Ramadhani moja babangu alikaa akazipitia kurasa zote, akawatenga waliorudi kortini mara ya pili na ya tatu. Alichokiona kilimshangaza. Yeye alidhani njaa ndiyo itakayowatofautisha. Lakini njaa karibu wote walikuwa nayo, waliorudi na wasiorudi. Kilichowakusanya waliorudi ni mambo mengine. Walikuwa wamehamishwa nyumba tatu au nne kabla ya kutimiza miaka saba. Walikuwa wakipigwa leo kwa jambo ambalo jana lilichekewa. Skuli waliiacha mapema, wengi wakiwa hawajajua kusoma, na aliyekuja kuwaulizia hakuna. Wengine wazazi walikuwa hai, nyumba moja nao, lakini Magharibi ikiingia hakuna aliyejua mtoto yuko upande gani wa mji.

Akamwita mamangu amsomee. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza msahafu.

Mamangu alikuwa na chuo chetu cha Kurani pale pale nyumbani, wasichana ishirini na zaidi, na alikuwa na mazoea ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho bila kumkata. Babangu alipomaliza, akamuuliza, "Hawa waliorudi umewaeleza vizuri. Je, wale walio na yote haya na hawakurudi?"

"Hao hawana tatizo."

"Ndiyo nakuuliza, Baba Swabaha. Kwa nini hawana?"

Babangu akalifunga daftari. Siku tatu hakulitaja. Mimi ndiye Swabaha, mtoto wao wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nakumbuka jinsi alivyokuwa akiupita mlango wa chuo bila kugeuza uso. Siku ya nne akasimama mbele ya mamangu, akasema, "Wale wasiorudi nimewahesabu, wamefika ishirini na watatu. Vaa buibui twende tukawatafute. Mimi mwanamume siwezi kuingia majumbani mwa watu."

Hivyo ndivyo walivyoianza safari yao. Ilikuwa Jumapili kwa Jumapili, kwa karibu mwaka mzima: Majengo, Bondeni, Makupa, Kibarani, mpaka Likoni na Changamwe. Mamangu, ambaye kabla ya hapo alitoka Mji wa Kale kwa harusi na matanga tu, alivijua vichochoro vya Majengo kuliko mpeleka barua. Yeye ndiye aliyebisha hodi. Yeye ndiye aliyekaa na wanawake jikoni, akasaidia kukuna nazi, akauliza. Babangu alingoja nje, na mamangu akitoka alimpa maneno, naye akayaandika.

Kati ya ishirini na watatu waliwapata kumi na sita. Wa kumi na moja alikuwa Kaingu.

Siku hiyo nilikuwa nao. Bwana Baya alikuwa amemweka Kaingu kwa Bi Mwanaesha, mjane wa Kidigo aliyekuwa akisafisha samaki Liwatoni, umbali mfupi na pale palipoibwa ile misumari. Tulimkuta Bi Mwanaesha amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi kilichong'olewa meno yake, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi. Hakuinuka, kwa sababu alikuwa na kikapu kizima cha samaki changu mbele yake.

"Kaingu yuko karakana," akasema baada ya salamu. "Anapaka mashua rangi. Saa kumi na moja atarudi."

"Wajuaje atarudi saa kumi na moja?" mamangu akauliza.

"Kwa sababu asiporudi namfuata."

Mamangu akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili, akaanza kupaa samaki. Babangu alimtazama kwa mshangao, maana nyumbani kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi. Wakazungumza huku wakipaa. Bi Mwanaesha akaeleza kwamba mwaka wa kwanza Kaingu alimwibia mara mbili, saa ya marehemu mumewe na doti mpya ya leso.

"Ukamfanyaje?"

"Nilimshika mkono tukaenda kwa aliyemuuzia. Nikasimama pembeni, nikamwachia aseme mwenyewe. Kwa ile saa alilia. Kwa leso hakulia."

"Hukumpiga?"

"Nilimpiga, dada. Mimi si malaika. Lakini kwangu kosa la Jumatatu ni kosa la Ijumaa, na ambalo si kosa halipigwi hata nikiwa na hasira zangu. Na chakula namwambia, ukichelewa hakikungoji, lakini mimi nakungoja."

"Ni hilo tu?"

Bi Mwanaesha akafikiri. "Namuuliza alikokwenda. Kila siku. Akinidanganya simgombezi, namuuliza tena kesho yake. Mwisho huona ukweli ni rahisi zaidi."

Kaingu alirudi kabla ya saa kumi na moja, mikono imejaa rangi nyekundu. Alikuwa amerefuka. Hakumtambua babangu bila ya koti, na babangu hakujitambulisha. Alimuuliza tu habari za kazi, Kaingu akamweleza jinsi ya kuziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta, kwa maneno mengi na kwa kujiamini, kama fundi anayemweleza mteja mgumu. Tulipokuwa tukirudi kwa miguu kupitia Kizingo babangu alikuwa akitembea mbele yetu, daftari kwapani. Mamangu ndiye aliyesema: "Andika."

Katika wale kumi na sita, kumi na watatu walikuwa na mtu wa namna hiyo. Wala si jamaa siku zote. Mmoja alikuwa na fundi baiskeli wa Bondeni. Mwingine mwalimu wa darasa la pili aliyempitia nyumbani kila asubuhi mwaka mzima. Mwingine nyanya wa kambo, kiziwi, ambaye alikaa mlangoni na kuwahesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa wakiingia.

Mwaka wa 1966 ndipo ilipokuja kesi ya Sidi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu: vitambaa dukani, tena vitambaa, kisha alimpiga mwenye duka kwa jiwe. Hakimu sasa alikuwa Mwafrika, kijana, aliyesomea ng'ambo, na alikuwa karibu kumpeleka Sidi kwenye skuli ya kurekebisha tabia bara, mbali na kila aliyemjua. Bwana Baya akasimama akasema kwamba katika korti hii kuna mtu anayejua habari za watoto wa namna hii kuliko yeye, naye amekaa kiti cha mkalimani.

Hakimu akamgeukia babangu. "Una la kusema?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Lakini nikiwa kwenye kiti hiki sina ruhusa. Nina barua."

Hakimu akaomba aelezwe habari za ile barua, akaelezwa, akacheka kidogo. Kisha akaamuru aitwe mkalimani mwingine, na babangu aapishwe kama shahidi. Kijana mmoja akatolewa chumba cha pili akakalishwa pahala pa babangu.

Babangu angeweza kusema Kiingereza moja kwa moja. Hakutaka. Alisema alitaka mtoto asikie kila neno linalosemwa juu yake, na Sidi alikijua Kiswahili tu na Kigiriama. Basi akasema kwa Kimvita chetu, polepole, akingoja kila sentensi itafsiriwe. Akaeleza watoto mia na zaidi aliowauliza. Akaeleza nyumba sita za Sidi, na baba wa kambo aliyekuwa akimpa peremende akirudi na vitambaa na kumpiga siku akirudi mikono mitupu, kisha siku nyingine akampiga kwa sababu amerudi navyo. Akasema, "Mtoto huyu hakufundishwa kuwa wizi ni mbaya. Alifundishwa kuwa mtu mzima hatabiriki." Na mwisho akasema kwamba wale waliookoka hawakuokolewa na watu wengi, kila mmoja alikuwa na mtu mmoja.

Kijana akatafsiri kwamba waliookoka walikuwa na jamaa zao.

"Samahani," babangu akasema, kwa Kiingereza. "Sikusema jamaa. Nimesema mtu mmoja. Na ni mmoja kwa hesabu."

Kijana akaomba radhi, akasahihisha. Bwana Baya ndiye aliyetuhadithia haya, na kila alipofika hapo mamangu alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja, uso umemng'aa.

Sidi hakupelekwa bara. Bwana Baya aliulizwa kama anaye huyo mtu mmoja, akasema bado. Wiki ile mamangu alizunguka mpaka akampata: mshonaji nguo mmoja wa Mkanyageni, Bimdogo, mkali, asiye na mtoto, ambaye alikubali kwa sharti kwamba asiingiliwe. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Sidi alivunja kioo cha kabati, alitoroka mara tatu, na mara zote tatu Bimdogo alifunga cherehani akaenda kumtafuta, mara moja mpaka Kilifi. Mara ya nne hakutoroka. Mimi mwenyewe nimevaa gauni la Idi lililoshonwa na Sidi, na mshono wake wa pindo sijauona kwa fundi mwingine.

Baada ya kesi hiyo habari za daftari zikaenea. Mwaka wa 1967 akaja nyumbani bwana mmoja wa serikali, mwenye adabu na viatu vinavyong'aa. Akakaribishwa kahawa na haluwa. Akasema amesikia babangu anaweza kujua mtoto gani atakuwa mhalifu kabla hajawa. Akasema ikiwa atapata yale majina, na majina ya wadogo zao, watu wa usalama wataweza kuwaangalia mapema.

"Kuwaangalia vipi?" babangu akauliza.

"Kujua walipo. Na pakiibwa kitu, kujua pa kuanzia."

Babangu akaweka kikombe chini. "Bwana mkubwa, umefahamishwa vibaya. Daftari langu halisemi nani atakuwa mwizi. Linasema nani hana wa kumuuliza."

"Si ni mamoja?"

"Si mamoja. Ninao watoto mle walio na kila dalili na leo ni watu wa kupigiwa mfano. Ukianza kumshika mtoto kwa kuwa ametoka nyumba ya tano, umeshampa ya sita, nayo ni jela."

Yule bwana hakukasirika. Alisema atarudi na barua rasmi. Alipotoka babangu alikaa akilitazama daftari lake la miaka sita, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. Barua rasmi ni barua rasmi, na yeye alikuwa mtu wa serikali.

Mamangu alikwenda kwenye sanduku lake la kushonea akarudi na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Akalifungua daftari ukurasa wa kwanza, akamtazama babangu. Babangu akaitikia kwa kichwa. Basi mamangu akakata pambizo, ule ukanda mwembamba wenye jina, akaenda ukurasa wa pili, na wa tatu. Mimi niliviokota vipande. Majina yalianguka mkekani kama maganda ya vitunguu. Ilipofika Alasiri majina yote yalikuwa yamekwenda jikoni, yakawashia moto wa chai, na daftari lilikuwa na kurasa zilizo nyembamba kidogo, na hakuna neno lolote la watoto lililopotea. Babangu aliyajua yale majina kwa moyo, lakini moyo hauandikiwi barua rasmi.

Yule bwana hakurudi. Badala yake hakimu kijana aliliomba lile daftari asome. Alikaa nalo miezi miwili. Aliporudisha, alikuja na karatasi moja iliyopigwa chapa, yenye maswali ya babangu, akasema tangu sasa itawekwa mbele ya jalada la kila mtoto, na kesi haitasikizwa mpaka imejazwa. Jina la babangu halikuwamo kwenye karatasi, naye hakujali. Mamangu ndiye aliyeisoma kwa makini akakunja uso.

"Langu halimo," akasema.

"Lako lipi?"

"Umeuliza nyumba, umeuliza fimbo, umeuliza skuli. Wapi pameulizwa, ni nani alikutendea mema?"

Kesho yake babangu alivaa koti lake, akarudi kwa hakimu, akasema karatasi ina kasoro na mwenye kuiona ni mkewe. Ikapigwa chapa upya. Mamangu aliomba nakala moja, akaiweka ndani ya kabati la vyombo vya wageni, na mgeni akija kunywa chai, mamangu alikuwa na njia zake za kulifungua lile kabati ili karatasi ionekane.

Sitaki mtu adhani kwamba wote walinyooka. Palikuwa na kijana aitwaye Kingi, mmoja wa wale kumi na watatu, yule wa mwalimu wa darasa la pili. Alikuwa na mtu wake, tena mtu mwema. Mwaka wa 1968 alivunja ghala Makupa na wenzake, mlinzi akaumizwa vibaya, na Kingi akafungwa miaka saba. Babangu alipopata habari aliuandika ukurasa wake mpaka mwisho bila kuficha kitu. Pale barazani Ami Gharib alimuuliza, kwa upole safari hii, kama hilo halilivunji daftari lote.

"Halilivunji," babangu akasema. "Sikuahidi."

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi aliomba ruhusa kazini, akavuka kwenda jela kumwona Kingi. Mamangu alimfungia mkate wa mofa na kopo la dawa ya upele. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa amehamishiwa Lamu na hakuweza kuja, kwa hiyo babangu alimwandikia kila mwezi, akimpasha Kingi amesema nini, anaendeleaje, anakohoa au hakohoi. Mwalimu akijibu, babangu alimsomea Kingi zile barua, kwa kuwa skuli aliiacha kabla hajajua kusoma, na kila ziara akamfundisha herufi chache. Ziara ya mwisho ya mwaka wa 1969 nilimsindikiza mpaka langoni. Palikuwa na foleni ya jamaa za wafungwa, wengi wameinamisha vichwa ili wasionekane na wapitao. Babangu alisimama katikati yao na kanzu yake na koti lake jeusi, kichwa juu, na askari alipomuuliza amekuja kumwona nani alilitaja jina la Kingi na la babake Kingi kwa sauti ya kusikika foleni nzima. Kisha akageuka akaniambia nirudi nyumbani mapema, na nimwambie mama kwamba yeye atachelewa, kwa sababu leo Kingi anasoma barua yake ya kwanza mwenyewe.